Miezi mitano na dawa za neva za mama: tathmini ya fundi umeme

Kwa kawaida mimi huandika tathmini za vitu vya kazi yangu: drili, testa, koleo, nyaya zinazodaiwa kuwa shaba tupu kumbe ndani ni aluminiamu. Safari hii ninatathmini dawa, pamoja na huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mahututi maumivu na mateso, iliyozifikisha nyumbani kwetu. Sijasomea udaktari. Nilichonacho ni daftari la kurasa arobaini na kitu, nililoliandika usiku kwa usiku kando ya kitanda cha mama. Dozi nitakazozitaja ni zake yeye, alizopimiwa yeye. Usizinakili.

Mama ana miaka 67. Saratani ya titi la kulia. Alipasuliwa, tezi za kwapani zikatolewa, akawekewa dripu za dawa za saratani, akapigwa mionzi. Miaka miwili ikapita kwa utulivu. Kisha ugonjwa ukarudi nyuma ya mtulinga, mahali ambapo neva (mishipa ya fahamu) zote za mkono hupita pamoja kama nyaya ndani ya bomba moja. Uvimbe ukikaa hapo, mkono wote unaathirika.

Kliniki tuliyoanza nayo siitaji jina. Walianza na parasetamoli, wakaongeza dawa ya uvimbe, wakaongeza tramadoli. Kila tukirudi swali lilikuwa lile lile: "Kwa moja hadi kumi, ni ngapi?" Mama anasema tisa, tunapewa kikali zaidi cha aina ile ile. Wiki saba. Hakuna aliyemuuliza hayo maumivu yakoje.

Muuguzi wa tiba shufaa alipokuja mara ya kwanza hakufungua begi. Alikaa kitandani upande wa mkono usiouma, akasema, "Mama, hebu nieleze, hayo maumivu yakoje?" Mama akanitazama kwanza, kama mtu anayeogopa kuonekana anaropoka.

"Mwanangu, yako mawili. Moja zito, limekaa hapa kifuani kama mzigo. Hilo nimeshalizoea. Lingine linatoka kwapani linashuka mpaka kidole kidogo, linapiga shoti. Linakuja bila hodi. Likishapita, mkono unawaka kama umepakwa pilipili. Na ajabu yake, ukinifinya hicho kidole sisikii kitu."

Shoti ni neno langu. Miaka ishirini na mbili nalitumia kazini, na sikuwahi kumsikia mama akilitaja kwa ajili ya mkono wake, maana sikuwa nimemuuliza.

Sista akatoa pamba begini, akavuta kinyuzi chembamba, akakipitisha juu ya mkono wa mama taratibu, kuanzia kiwiko kwenda chini. Kinyuzi cha pamba, ambacho mimi nikipitishiwa usoni nikiwa nimelala siamki. Mama aliruka kama amemwagiwa maji ya moto. Kisha sista akachukua kijiti chenye ncha, akamgusa kidole kidogo. Mama akauliza, "Umeshagusa?" Pamba inaunguza, ncha haisikiki. Sista akaandika kwenye karatasi, akaniambia hiyo ndiyo sahihi ya maumivu ya neva: pasipo kitu panauma, penye kitu pamekufa ganzi.

Nikamwambia nimeelewa, ni waya uliochubuka ganda. Akakubali nusu. Waya, alisema, hauna kumbukumbu. Neva inayopiga kelele kwa wiki nyingi huufundisha uti wa mgongo kupaza sauti, hadi mguso wa kawaida unasomeka kama moto. Ndiyo maana kuchelewa kunaumiza mara mbili. Hapo nilizifikiria zile wiki saba, nikanyamaza.

Sasa dawa, moja baada ya nyingine.

Mofini ya maji. Nyota nne, ila kwa kazi yake tu. Alianza miligramu 5 kila saa nne, kwa saa, si mpaka maumivu yafike ndipo atafutiwe chupa. Ule mzigo wa kifuani ulipungua siku ya pili. Shoti zilipungua ukali kidogo, hazikuondoka. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wanasema hata mofini imeshindwa. Haijashindwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ngazi yake ya dawa za maumivu ya saratani, kutoka hafifu hadi kali, mwaka 1986, pembeni mwa kila kidato kulikuwa na dawa saidizi, na maumivu ya neva kwa kiasi kikubwa ndiyo yanayozihitaji. Mwongozo mpya wa 2018 hausisitizi tena vidato kama zamani. Unasisitiza kumtazama mgonjwa aliye mbele yako.

Na hiyo hofu kwamba mofini ni dawa ya kuaga dunia, mashangazi walikuja nayo mlangoni kabla hata chupa haijafunguliwa. Mama ameinywa miezi mitano, na wiki iliyopita aligombana na mimi juu ya pazia. Inachokifanya kwa hakika ni kufunga choo. Ukipewa mofini bila dawa ya kulainisha choo, rudi ukaidai siku hiyo hiyo. Kichefuchefu kilimtesa siku nne, kikaisha chenyewe.

Amitriptilini. Nyota tatu. Hii ni dawa ya zamani, iliingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya sonona, na ndivyo karatasi iliyo ndani ya boksi inavyosema. Mama alivaa miwani akaisoma yote. "Kwa hiyo daktari ameona nimechanganyikiwa?" Ilibidi sista aeleze kwamba kwa dozi ndogo inafanya kazi nyingine kabisa: inaongeza nguvu ya zile taarifa ambazo ubongo hutuma chini kuyabana maumivu. Ya sonona ni dozi kubwa zaidi. Mama alianza miligramu 10 saa mbili usiku, baada ya wiki ikawa 25.

Uzuri wake ni usingizi. Usiku wa tatu alilala saa tano mfululizo, na mimi nikalala kwenye kiti huku nimeshika kalamu. Shoti zikapungua kutoka nyingi zisizohesabika hadi tano sita kwa siku. Ubaya wake ni mdomo: mkavu kama umejazwa unga, tukawa tunampa maji kwa kijiko kila mara. Choo ambacho mofini ilishakifunga kikafungwa zaidi. Halafu usiku mmoja, wiki ya tatu, aliamka kwenda haja ndogo bila kuniita, akasimama mara moja, presha ikashuka, akaegemea kabati. Kabati ndilo lililomwokoa. Daktari alipopima presha amelala kisha amesimama, tofauti ilikuwa kubwa. Ikapunguzwa taratibu, ikaachwa. Kwa mtu mwenye matatizo ya mapigo ya moyo au anayeshindwa kukojoa vizuri, daktari wetu alisema asingeianza kabisa. Mama angekuwa na miaka 45, pengine ningeipa nyota nne na nusu.

Gabapentini. Hii ndiyo niliyokuja kuizungumza. Mama alisoma tena karatasi: kifafa. "Mwezi jana nilikuwa na sonona, mwezi huu nina kifafa. Mwezi ujao mtanipa ya nini?" Kweli ilianza kama dawa ya kifafa, Marekani iliruhusiwa 1993. Inakaa kwenye milango midogo ambayo kalsiamu hupitia kuingia kwenye neva iliyochachamaa, na neva isipopata kalsiamu ya kutosha hupunguza kutuma taarifa. Kwa lugha yangu, haikati umeme, inapunguza mkondo.

Jambo la kwanza kulijua: kabla ya kidonge cha kwanza wapimwe figo. Dawa hii hutoka mwilini kupitia figo, haivunjwi na ini. Figo za mama zilikuwa zinachuja pungufu kidogo, kwa hiyo daktari aliweka dari ya miligramu 900 kwa siku, wakati wengine hufika 1800 na hata 3600. Angefuata dozi ya kitabu angelala wiki nzima.

Jambo la pili ni subira. Alianza kapsuli ya 100 usiku tu. Siku tatu baadaye asubuhi na usiku. Kisha mara tatu. Kisha 300 usiku, tukapanda hivyo hivyo, ngazi moja moja, karibu wiki tatu mpaka 300 mara tatu. Siku kumi za mwanzo hakuna kilichotokea isipokuwa usingizi na kizunguzungu. Niliandika daftarini kwa herufi kubwa: HAIFAI. Siku ya kumi na tisa nikaandika hivi, nanukuu mwandiko wangu: "Shuka limegusa mkono. Hajashtuka. Hajaona kama limegusa."

Sista alikuwa ameshatuambia tuachane na namba. Mama hakuwahi kuzielewa; akiwa na hasira ni tisa, akija mjukuu ni nne, mkono ni ule ule. Tukachagua vipimo vyake mwenyewe: shuka kugusa mkono, kuvaa gauni la mikono mirefu, kufunga vifungo, kulala hadi saa kumi alfajiri. Vinne tu. Kila jioni naandika ndiyo au hapana. Nakushauri ufanye hivyo hivyo hata kama huna muuguzi mzuri kama wetu, kwa sababu dawa hizi ni nadra kufuta maumivu yote. Zikiyakata nusu, zimefaulu. Ukingoja sifuri utaitupa dawa iliyokuwa inafanya kazi.

Sasa kosa langu. Tulikuwa kwenye 300 mara mbili. Jioni moja mkono ulichachamaa, mama analia kimyakimya, na mimi nikampa gabapentini 300 ya ziada bila kumuuliza mtu. Nilifikiri kama fundi umeme: mzigo umeongezeka, ongeza nguvu. Baada ya saa moja nikampa na mofini ya dharura, ambayo hiyo tuliruhusiwa. Saa sita usiku alikuwa anakoroma mkoromo nisioujua. Nikamwita, akafungua macho, akasema "naam", akarudi alikotoka.

Nilipiga simu ya usiku. Sista hakunifokea hata kidogo. "Una saa? Hesabu kifua kinapanda mara ngapi, dakika nzima, usikate." Kumi na moja. Akaniambia nimwinue mgongo kwa mito, nisimpe dozi inayofuata ya dawa yoyote kati ya hizo mbili, nimwite jina kila robo saa na kuhesabu tena. Zikishuka chini ya nane au asipoitika, nisimpigie yeye, niite gari la wagonjwa. Nilihesabu mpaka alfajiri. Zilikuwa kumi na moja, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na nne. Saa kumi na moja na nusu mama aliamka akauliza kwa nini nimemkodolea macho.

Kufoka kulikuja asubuhi, uso kwa uso. Gabapentini si dawa ya kuzima moto wa dakika hii. Inafanya kazi kwa kujengeka, siku kwa siku, na ukiiongeza ghafla unapata usingizi wote bila nafuu yoyote. Ya dharura ni mofini. Na zote mbili pamoja huibana pumzi, zaidi kwa mzee au mwenye mapafu dhaifu. Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi juu ya hilo. Nami ninalirudia hapa kwa sababu kwenye boksi letu limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko za kwenye betri ya saa.

Mengine ya gabapentini kwa haraka: vifundo vya miguu vilivimba, tukabadilisha viatu. Dawa ya kiungulia yenye aluminiamu au magnesiamu isimezwe nayo pamoja, iachane nayo saa mbili, la sivyo sehemu ya dawa haifyonzwi. Na isikatishwe ghafla. Hushushwa kama ilivyopandishwa. Nyota nne. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya saa za mchana ambazo mama huzipoteza akisinzia, na yeye mwenyewe anazilalamikia.

Kuna ndugu yake wa karibu, pregabalini, inayomezwa mara mbili badala ya tatu na kupandishwa haraka zaidi. Hatujaitumia, siipi nyota.

Plasta za lidokeni: tulizijaribu kwenye kovu la kifuani, ambako nguo ilikuwa inamkera. Saa kumi na mbili zinabandikwa, saa kumi na mbili zinabanduliwa, kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Pale kovuni zilisaidia. Kwa mkono hazikufaa kitu, wala hazikutarajiwa, kwa kuwa tatizo la mkono haliko kwenye ngozi ya mkono, liko nyuma ya mtulinga. Ni kama kubadilisha balbu wakati hitilafu iko kwenye meta. Nyota tatu.

Deksamethasoni. Mwezi wa nne mkono ulianza kulegea, kikombe kikawa kinamponyoka, na maumivu yakarudi kwa kishindo. Uvimbe ulikuwa umekua na kuzungukwa na majimaji yanayozikaba neva. Daktari akampa miligramu 8 kila asubuhi kwa siku chache, kisha ikashushwa, huku akipangiwa mionzi michache ya kupunguza maumivu. Siku ya pili mama alikuwa mtu mwingine: anakula, anaongea, anatoa amri. Ni dawa ya kukupa nafasi, si ya kukaa nayo. Sukari ilipanda. Na siku moja nilisahau ya asubuhi nikampa saa kumi na moja jioni. Hakulala, akapanga upya kabati lote la nguo kwa mkono mmoja, saa nane usiku. Asubuhi maana yake asubuhi. Nyota nne kwa kazi, mbili kwa hatari zake. Jumlisha unavyotaka.

Wakati huo huo sista alitupa onyo moja la kukariri, ambalo halihusiani na mkono: maumivu mapya ya mgongo yanayozunguka kama mkanda, miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za kukalia, mkojo kugoma. Kwa mgonjwa wa saratani hiyo ni dharura ya uti wa mgongo, haisubiri siku ya kliniki, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo. Nimeliandika nyuma ya mlango.

Kuna kitu tulichokikataa pia. Vidole vya miguu vya mama vina ganzi na vinachomachoma tangu zile dripu. Dawa aliyopewa, paklitakseli, inajulikana kwa hilo. Gabapentini haikuvigusa. Daktari alisema kwa ganzi ya aina hiyo dawa yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine ni duloksetini, na kwa kuwa amitriptilini na tramadoli zilishaondolewa angeweza kuijaribu bila kuhofia zikigongana. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Miguu iacheni. Mimi na miguu tumeelewana." Sista akacheka, akaandika kwenye fomu: mgonjwa hataki. Hakuna aliyemshinikiza. Kwa hilo peke yake naiongezea huduma nusu nyota.

Maana huduma nayo naitathmini. Walibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kama fundi mzuri anayetafuta hitilafu, ili ijulikane kilichosaidia na kilichodhuru. Walinifundisha mimi, si mgonjwa peke yake. Walizungumza na mama, si juu ya kichwa cha mama. Kasoro zao mbili. Lebo za chupa: "1×3". Kwangu mimi huo ni ukubwa wa waya. Mofini inataka saa ziandikwe, saa mbili, saa sita, saa kumi, na bomba la kupimia lenye mistari isiyofutika. Letu lilifutika wiki ya pili nikalichora upya kwa kalamu ya kuwekea alama ukutani. Na mara ya pili nilipopiga ile simu ya usiku, iliita mpaka ikakatika, mara nne. Haikuwa dharura kubwa, lakini mimi sikulijua hilo saa nane usiku. Nimewaambia. Wamesema sasa wako wawili kwenye zamu.

Huduma: nyota nne na nusu.

Vipimo vya jana jioni: shuka, ndiyo. Gauni la mikono mirefu, ndiyo, lile la bluu. Kulala hadi saa kumi, hapana, aliamka saa tisa. Vifungo: alifunga vitatu mwenyewe kwa mkono wa kushoto, cha nne akaniita.